Mosi-oa-Tunya kwa gari la kulala, ukitokea Lubumbashi

Jumamosi ya mwanzo wa Julai, saa nne asubuhi, geti la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria), kwenye mto Zambezi, upande wa Livingstone, Zambia, huwa limezibwa na mabasi. Kuna ya shule, ya makanisa, ya watalii waliotokea Kasane huko Botswana, na katikati yake magari mengi yenye namba za Kongo. Ni mambo ya kalenda. Sisi Wakongo tuna 30 Juni yetu, siku ya uhuru. Wazambia nao wana Siku ya Mashujaa Jumatatu ya kwanza ya Julai na Siku ya Umoja kesho yake. Basi Lubumbashi na Copperbelt, mkoa wa migodi wa Zambia, zinateremka kusini kwa pamoja. Mtu anaendesha zaidi ya kilomita 1,000, anafika, anapanga mstari wa tiketi, halafu mstari wa makoti ya mvua, halafu mstari wa kupiga picha darajani.

Wengi hudhani gari la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani, ni njia ya kukwepa bei ya hoteli. Piga hesabu ya mazutu, peaji na ushuru wa mpakani uone: hakuna unachookoa. Faida yake iko kwingine. Unalala kilomita chache kutoka kwenye maji, unakunywa chai yako hapo hapo, na geti likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi umeshafika. Kuanzia hapo una karibu saa tatu kabla mabasi makubwa hayajaanza kumwaga watu. Safari nzima ipangwe kwa ajili ya saa hizo tatu.

Uende mwezi gani

Zambezi inaanzia karibu na kwetu kuliko watu wanavyofikiri. Chemchemi yake iko kwenye vilima vya Kalene, kaskazini-magharibi kabisa mwa Zambia, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Kongo. Mvua inayoijaza, kati ya Novemba na Machi, ndiyo hiyo hiyo inayotunyeshea sisi. Lakini maji hayafiki Livingstone mara moja. Njiani yanatapakaa kwenye mbuga za Barotse, zinayashika na kuyaachia polepole, ndiyo maana maporomoko yanajaa Machi hadi Mei, hasa Aprili, wakati Lubumbashi mvua imeshakatika. Kwa sababu hiyo hiyo yanakuwa hafifu Oktoba na Novemba, hata kama huku kwetu matope yameanza.

Hili si jambo la vitabuni. Upana wa maporomoko ni mita 1,708 na kimo chake kinafika mita 108. Aprili maji ni mengi kiasi kwamba mvuke unafunika kila kitu. Utalowa mpaka mifupa, utasikia ngurumo, ila kuona utaona weupe tu. Oktoba ni kinyume: upande wa Zambia unabaki mwamba mtupu na michirizi, maji yaliyobaki yanapita upande wa Zimbabwe. Anayekwambia mwezi wa kumi "hakuna watu" anasema kweli, na sababu ndiyo hiyo.

Wiki mbili za katikati ya Juni, au nusu ya pili ya Julai, Jumanne hadi Alhamisi: hapo maji bado yapo, mvuke umepungua, na watu wako kazini. Agosti shule za Zambia zinafunga, na Jumatatu ya pili ya mwezi huo Wazimbabwe wana sikukuu yao ya mashujaa. Pasaka usiiguse. Chukua blanketi nzito, kwa sababu usiku wa Juni na Julai baridi ya Livingstone inashuka chini ya nyuzi 10, na bati la gari halizuii kitu.

Gari lenyewe

Magari ya kulala yaliyotoka kiwandani hivyo ni machache hapa mjini. Kilicho kingi ni Hiace au basi dogo lililong'olewa viti na kuwekwa kitanda, tangi la maji na jiko. Hayo yanatosha, ila yana magonjwa yake, na la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Weka maji lita 80, betri ya risasi ya ampea-saa 100 (100 Ah) ambayo peke yake inakaribia kilo 30, mbao za kitanda, watu wanne na masanduku yao, na gari limefika mwisho kabla hujapakia chakula. Mafundi wengi huweka tangi la maji nyuma kabisa, kwa sababu ndiko kuna nafasi. Hapo ni nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito ukikaa pale, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na lori la shaba likikupita kwa kasi gari linayumba. Tangi likae katikati ya ekseli mbili, chini, lifungwe kwa mikanda ya chuma. Na usibebe maji ya kuoga kutoka Lubumbashi. Chukua lita 20 za kunywa, mengine utajaza kambini.

Matairi pima yakiwa baridi, asubuhi, kabla ya kutembea. Baada ya saa mbili za njia upepo utaonyesha bar 0.3 au 0.4 zaidi. Ni joto, usiutoe. Halafu lala chini ya gari ukiwa bado nyumbani, ushushe tairi la akiba lote mpaka ardhini. Ule mnyororo wake hukwama kwa kutu na udongo mwekundu uliogandiana, na kuligundua hilo kando ya njia Kapiri Mposhi si raha.

Umeme una hesabu fupi. Friji ndogo ya volti 12 hula kama 40 Ah kwa siku. Betri ya risasi ya 100 Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 50, yaani siku moja na kidogo. Paneli ya jua ya wati 200 ikipigwa na jua kwa muda wa saa tano, ukitoa robo inayopotea njiani, inarudisha kama wati-saa (Wh) 750, ambazo ukizigawa kwa volti 12 ni Ah 60 na ushee. Inatosha, mradi paneli iko juani. Kambi za Livingstone ziko chini ya miti mikubwa, na kivuli cha tawi moja kinaweza kuua zaidi ya nusu ya nguvu. Unaweza kuchomeka umeme wa kambi, ila plagi za Zambia ni za meno matatu bapa, zetu ni za mviringo, basi beba adapta. Hata hivyo usiutegemee umeme huo kupita kiasi. Ukame wa 2024 ulipoyashusha maji ya bwawa la umeme la Kariba, Zambia ilikaa gizani saa nyingi kila siku.

Gesi: jiko moja likiwaka kwa kiasi linakula kama gramu 150 kwa saa, kwa hiyo chupa ya kilo 6 ni zaidi ya saa 35 za moto. Bukari na sombe za familia kwa wiki nzima hazimalizi. Makala acha nyumbani. Vumbi lake linaingia kwenye godoro, na kuwasha mbabula ndani ya gari lililofungwa kwa sababu ya baridi kunaua watu usingizini.

Sasa mlango. Kongo tunapita kulia, Zambia wanapita kushoto. Gari lililotengenezwa kwa njia za kulia lina mlango wa kusukuma upande wa kulia, na ukisimama kando ya njia Zambia mlango huo unafungukia katikati ya lami. Watoto wamezoea kuruka nje gari likisimama tu. Tangu Kasumbalesa, pale mpakani, weka sheria: hakuna anayefungua mpaka dereva amezunguka. Mwenye Hiace ya usukani wa kulia, ya Japani, shida hiyo anayo Lubumbashi na inamwisha Zambia. Taa nazo: za gari la njia ya kulia zinamulika zaidi kulia zikishushwa, yaani machoni mwa wanaokuja. Ziba kipande hicho cha kioo kwa utepe mweusi.

Kasumbalesa

Kutoka Lubumbashi ni kama kilomita 90 za lami, na ukiona malori yamesimama kwenye mstari usijiunge nao. Magari madogo yana njia yao. Fika asubuhi na mapema, siku isiyo Ijumaa.

Karatasi ziwe kwenye faili moja, si kwenye mifuko ya watu wanne: pasipoti, karti ya njano ya chanjo, karti rozi ya gari, leseni, na kama gari si lako, barua ya mwenyewe iliyopitia kwa notari. Mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja awe na idhini ya huyo mzazi na cheti cha kuzaliwa. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, halafu ni ya maisha, kwa hiyo anayechanjwa jana ya safari hajajiandaa. Kabla ya kutoka upande wetu, hakikisha duane wamekupa karatasi ya gari kutoka kwa muda. Bila hiyo, ukirudi gari lako linaweza kutazamwa kama mali mpya inayoingia nchini, na hapo mazungumzo yanakuwa marefu.

Upande wa Zambia kuna mhuri wa pasipoti, kibali cha kuingiza gari kwa muda, kodi ya moshi wa gari, ushuru wa njia, ushuru wa halmashauri, na asiransi. Asiransi nzuri ni karti ya njano ya COMESA. Unaikata Lubumbashi kabla ya kuondoka, na inakubalika Zambia na Zimbabwe. Hakikisha jina la Zambia halijafutwa kwenye orodha ya nchi iliyo juu ya karti. Kila malipo dai risiti, na risiti zote kaa nazo mpaka urudi.

Makomisionere, yaani mawakala wa karatasi za mpakani, watakuzunguka kabla hujazima injini. Kwa mtu mwenye gari moja na familia, kazi yote unaweza kuifanya mwenyewe, dirisha moja baada ya jingine. Ukiamua kumchukua mmoja, patana bei ya kazi nzima mapema, na pasipoti zisitoke mkononi mwako: mnatembea pamoja. Kubadilisha pesa hivyo hivyo, hesabu kwacha mwenyewe kabla dola yako haijaondoka. Nyama mbichi usivuke nayo. Utanunua Chingola.

Njia

Hatari ya kubadilisha upande haiko mpakani, maana pale unafuata lori lililo mbele yako. Iko saa mbili baadaye, ukitoka kituo cha mafuta asubuhi, njia tupu, na mkono wako unalipeleka gari kulia kwa mazoea. Abiria wa mbele awe na kazi moja kila mnapoanza: kusema "kushoto". Kama usukani wako uko kushoto, yeye pia ndiye macho yako ya kupita malori, kwa sababu wewe huoni kilicho mbele mpaka nusu ya gari imeshatoka. Akinyamaza, usipite.

Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola ni njia nzuri kwa sehemu kubwa, na Kibemba kidogo kitakufungulia milango mingi. Ndola hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 300, na hapo ndipo uchovu ulipo. Mradi wa kuipanua njia hiyo iwe ya pande mbili ulianza 2023, kwa hiyo ukikuta michepuko ya vumbi ipe muda. Polisi wanakaa na kamera za kasi kwenye milango ya miji, mara nyingi nyuma tu ya kibao cha mwendo. Watakuomba pembetatu mbili, na gari liwe na vibandiko vinavyong'aa, vyeupe mbele na vyekundu nyuma.

Saa kumi na moja jioni uwe umeshaegesha. Lori likiharibika usiku huko, mara nyingi halina taa. Alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami mita chache kabla. Ukiona majani njiani, hata mchana, punguza hapo hapo. Usiku utayaona umeshayakanyaga.

Mpango unaofaa: usiku wa kwanza Kapiri Mposhi au Kabwe, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni yenye ukuta (omba nafasi ya kuegesha na choo, watakupa kwa bei ndogo). Kesho yake ondoka alfajiri uivuke Lusaka kabla ya msongamano. Ukishavuka daraja la mto Kafue, njia ya kushoto inakwenda Chirundu, ya kwako ni ya kulia. Hapo kuna vilima na kona zenye malori mazito yanayopanda kwa gia ya kwanza, uvumilivu. Kisha Mazabuka na mashamba yake ya miwa, Monze, Choma. Lala Choma. Asubuhi ya tatu unaingia Livingstone bado una nguvu. Gari lililopakiwa vizuri linakula lita 11 au 12 kwa kilomita 100, kwa hiyo weka hesabu ya lita 130 kwenda tu.

Livingstone: acha gari kambini

Maporomoko yako kama kilomita 10 kusini mwa mji. Kati ya mji na maji, kwenye mto Maramba na kando ya Zambezi, kuna kambi zenye sehemu za magari, choo, maji ya moto na umeme. Wakati wa sikukuu hakikisha nafasi kwa simu kabla hujatoka Lubumbashi. Ukikosa huko utaishia mjini, na faida ya saa tatu imekwisha.

Usiende maporomokoni na gari la kulala. Maegesho ni madogo, na baada ya saa tatu kugeuza chombo cha mita sita pale ni ugomvi. Halafu kuna nyani. Wale si wa kuchezea: wanajua vitasa, wanajua mifuko ya plastiki ina nini, na kidirisha cha juu ya paa kilichoachwa wazi kwa ajili ya hewa ni mlango kwao. Wavu wa mbu wanauchana kama karatasi. Nyani akikaa ndani ya gari dakika kumi na unga wa bukari, utafua kila kitu. Panga taksi usiku, ije saa kumi na mbili kasorobo. Usiende kwa miguu gizani, maana tembo wanavuka njia ile.

Ndani ya geti

Wageni karibu wote wanafanya kitu kimoja: wanakwenda ukingo wa kwanza wanaoukuta, ule wa Eastern Cataract, wanapiga picha nusu saa, halafu wanasogea wote kwa pamoja kwenye daraja la miguu la Knife Edge. Daraja lile ni jembamba, watu wawili hawapishani bila kusukumana, na ndipo umati unapokwama. Wewe anza nalo. Saa kumi na mbili na robo liko tupu. Mvua ya mvuke pale haianguki tu, inatoka chini pia, inaingia ndani ya koti kupitia mikono. Kwa hiyo koti refu bila suruali ya mvua ni kazi bure, na simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, siyo mfukoni. Ubao wa daraja unateleza. Kandambili ziache, vaa viatu vyenye kamba nyuma.

Upinde wa mvua hautafutwi kwa bahati. Unatokea jua likiwa mgongoni mwako na likiwa chini, kwa hiyo asubuhi na alasiri upo, saa sita ya mchana haupo. Geuka mpaka kivuli chako kielekee kwenye mvuke. Mwezi mpevu ukiangukia miezi ya maji mengi, geti linafunguliwa tena usiku kwa upinde wa mwezi. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, mkono hauwezi kazi hiyo.

Kutoka Knife Edge rudi Eastern Cataract, wakati wengine ndio wanaingia. Kisha, kabla ya saa tatu na joto, teremka Boiling Pot, pale maji yanapozunguka chini ya korongo. Ni ngazi za mawe na njia ya msituni kati ya mitende, kushuka dakika 20 hadi 30, kupanda karibu mara mbili ya hapo. Mikono iwe mitupu, chakula kisionekane. Mwenye magoti mabovu asijilazimishe. Maji yakiwa mengi, sehemu ya chini inafunikwa.

Saa nne, geti likijaa, wewe unatoka. Nenda kwenye daraja kubwa la mpaka na Zimbabwe: uhamiaji wa Zambia wanakupa kikaratasi cha kutembea mpaka katikati bila kugonga pasipoti. Daraja hilo la 1905, mita 128 juu ya mto, ndilo lililopitisha reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910, mji wetu ukiwa ndio unaanza. Mizigo ya kwetu ilipita hapo miaka mingi kabla ya watalii wa kuruka na kamba.

Jioni, kukausha. Nguo za watu wanne zilizolowa zinabeba lita kadhaa za maji, na ukizitundika ndani ya gari maji hayo yanahamia kwenye vioo, kwenye mbao na chini ya godoro. Ukungu unaanza upande wa chini, ambako hutazami. Kamba ya nje kati ya gari na mti, vidirisha viwili vya pande tofauti viachwe wazi sentimita mbili usiku kucha hata kama kuna baridi, na godoro lisilale juu ya ubao mzima bali juu ya vipande vyenye mianya. Simu iliyolowa usiichaji siku hiyo.

Mkirudi, kibali cha gari kirudishwe dirishani Kasumbalesa upande wa Zambia, kabla ya mhuri wa kutoka. Malori yakiwa mengi watu wanalisahau dirisha hilo. Gari linabaki kwenye kompyuta yao kama halijatoka, na safari nyingine wewe ndiye wa kueleza.